Sehemu Guni

Nyandwi ametandika daftari juu ya dumu la mawese,
doa jekundu limefika kabla ya namba.
"Shangazi, sikiliza. Kiasi kinakaa juu ya mstari,
asili inakaa chini."
Hilo nalijua, namwambia, hata ukoo wetu uko hivyo:
sisi tuko juu, hapa Mwandiga, tunapiga kelele za bei,
na asili imelala chini, kule Heru Juu.
Hacheki. Mtihani ni Jumatano.

Robo tatu jumlisha theluthi mbili.
Yeye anatafuta kigawe kidogo cha shirika, kalamu mdomoni.
Mimi natafuta chupa.
Nusu ninayo, robo ninayo,
theluthi sijawahi kuombwa na mtu sokoni;
hata mwezi ukiwabana, wanaomba kijiko.
"Kumi na saba juu ya kumi na mbili," anasema.
"Hii ni guni. Juu kumezidi chini."
Nimekwisha kuiona, mwanangu, kwenye barabara ya Simbo:
lita ishirini kichwani,
na chini miguu ya mtu mmoja.

Moja gawanya kwa tatu.
Tatu, tatu, tatu, anaandika mpaka ukingo wa karatasi,
anachoka, anatua kinukta juu ya tatu kama inzi.
Maana yake inaendelea hata tukilala.
Hiyo usinifundishe.
Baba aliacha michikichi mia moja na watoto watatu.
Thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na tatu,
na mmoja.
Mwaka wa tisa huu hakuna aukweaye.
Mikungu inaivia juu, inadondoka,
kunguru wanamalizia hesabu.

Sasa aina za namba, haraka, simu inayotumulika ina chaji kidogo.
Shufwa? "Zinazogawanyika kwa mbili."
Witiri? "Zinazobakiza moja."
Tasa?

Neno hilo nililisikia mara ya mwisho kwa mama mkwe,
uani, mbele ya wageni,
siku walipomleta mke mdogo.
Nyandwi anasoma tu, kidole kwenye mstari:
haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.
Tatu. Tano. Saba.
"Saba ni mimi, Shangazi. Ndwi, wa saba kuzaliwa."
Na mbili?
"Mbili ni shufwa, na ni tasa. Ni hiyo peke yake."
Ana mwenzake na bado ni tasa.
Huyo namfahamu.
Na moja je?
"Moja si tasa."
Kwa nini?
"Mwalimu Kabhuye kasema tukariri."

Swali la mwisho namtungia mimi:
lita ishirini, chupa za robo, zitoke ngapi?
"Themanini."
Hazijawahi. Hutoka sitini na sita
na kitone cha kubishania.
Miaka yote hii namsema Ntakije wa jumla
kwamba huchota kwanza, ndipo afunge mfuniko.
Nyandwi anaichukua chupa, anaipindua,
anasugua kitako kwa kidole gumba, anasoma:
mililita mia tatu.
Sifuri nukta tatu, Shangazi. Si sifuri nukta mbili tano.
Anagawanya.
Sitini na sita, nukta, sita, sita,
na inzi wake juu.

Simu imezima.
Gizani nasikia anafunika kalamu.
Sifuri nukta sifuri tano, mara chupa ngapi,
nimewamiminia watu
bila wao kushukuru wala mimi kujua?
Hiyo asinipigie.

Kesho, kabla ya soko, napita kwa Ntakije.
Nitambebea chupa moja, hii hii, imejaa mpaka shingoni.
Sijui nitaanzaje.
Pengine nitasema nimekuletea robo,
halafu ninyamaze,
maana hata hapo nitakuwa nimekosea.