Ampea Ishirini na Tano

Kaka yangu Luboš ametuma kadi ya michoro kutoka Bergen,
imefungwa kama yai, povu juu, povu chini,
na kikaratasi: Hongera, Vítek, kwa kutimiza kumi na tano.
Hakuuliza kama kompyuta itaiweza.
Luboš haulizi. Hutuma.

Basi Jumapili, theluji chafu imeganda madirishani Ostrava,
tumeilaza kompyuta ubavu juu ya meza ya jikoni,
mimi na bisibisi, mtoto na tochi ya simu,
tukimtafuta yule asiyesifiwa katika tangazo lolote:
kasha la umeme, kule nyuma pembeni,
jeusi, feni yake imeota ndevu za vumbi.

"Limeandikwa wati mia nne na hamsini," anasema Vítek.
"Kadi inakula mia mbili na ishirini. Chenji inabaki, shangazi."

Chenji.
Mimi ni mkaguzi wa lifti. Mwaka wa kumi na tisa huu
nasoma vibao: watu sita, kilo mia nne na hamsini,
na watu sita wa kibao nawajua,
hawajawahi kuvaa koti la baridi
wala kupanda na gunia la viazi na mtoto aliyelala.
Namba kubwa ni ya dukani.
Namba ya kweli huandikwa ndogo,
kwa matumaini kwamba hutainama.

Nikainama.

Volti kumi na mbili: ampea ishirini na tano.
Wati nyingine, zile za kunenepeshea lebo,
zimekaa kwenye njia ambazo kadi haipiti.
Lete penseli.
Ishirini na tano mara kumi na mbili, mia tatu.
Toa kadi. Themanini.
Toa prosesa inapokimbia, tisini.
Mtoto kanyamaza. Tumeingia deni
kabla ya kuzifikia feni, diski, na taa zake za zambarau.

Na kadi haili kwa adabu, nikamwambia.
Mchezo ukichacha hurukia sahani ya jirani,
kufumba na kufumbua, kisha hujipangusa mdomo.
Hapo kasha lenye heshima hujizima.
Lisilo na heshima hunuka kwanza.

Isitoshe, kadi inataka plagi ya pini nane;
sisi tuna waya mmoja wa pini sita, mfupi, umekakamaa.

"Kwa hiyo baba hakujua?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Sikulisema hilo. Nilisema kasha la wati mia sita na hamsini
tutalinunua mshahara ukiingia, la maana, si la bei ya kutupa,
na kadi ikae kabatini na povu lake.
Kisha nyuma ya karatasi ya hesabu nikaanza kumwandikia Luboš:
Kadi imefika. Kasha halitoshi.
Uliposema kwenye simu, Radka, wewe ni chuma,
ulisoma namba ipi?
Nikaifuta. Penseli ikaacha kivuli chake.

Mama akaita kutoka chumbani, mara ya nne tangu mchana.
Alikuwa akigawa taa mgodini, zamu ya usiku;
mgodi umefungwa, bati zake zimeuzwa,
lakini yeye bado anauliza: zimerudi zote?
Maana taa isiyorudi ni mtu aliyebaki chini.

Nikashika ukingo wa meza ninyanyuke.
"Kaa," alisema Vítek, akaenda na tochi yake.

Niliwasikia ukutani. Sauti yake, iliyovunjika juzijuzi tu,
ikipanda, ikishuka, ikitafuta pa kukaa:
"Imebaki hii moja, bibi. Nimekuletea."

Alirudi bila simu, akaanza kukaza skrubu gizagiza.
"Ameishika," akasema.
"Anaitafutia ndoano."