Mzinga

Saa tisa usiku, Võru, kompyuta za masjala ya ardhi
zilizimika moja baada ya nyingine.
Leivi hakupiga yowe. Alichomoa nyaya,
akachemsha kahawa, akangoja kupambazuke.

Asubuhi akaingia mzee Heino, theluji tele mabutini.
"Shamba langu la viazi bado ni langu?"

"Nakala yake imelala ng'ambo, katika chumba chetu,
kufuli letu, bendera yetu mlangoni.
Jioni itakuwa imerudi."

Heino akacheka hadi akakohoa.
"Wageni walipokuja na vifaru,
mama aliipaka hati nta, akaificha mzingani."

"Mzinga wa baruti?"

"Wa nyuki, binti. Walipekua dari,
walipekua kisima.
Kwenye asali hawakuthubutu kutia mkono."

Saa kumi na dakika sita
mashine zikaanza kuvuma.