Kina, Joto, Rangi

Saa kumi na mbili asubuhi, ingawa jua halikulala,
nashuka ngazi ya mbao hadi kwenye nguzo ya kipimo
iliyopigiliwa kando ya Gálgojohka.
Sentimita mia moja tisini na mbili.
Jana zilikuwa mia mbili na nne.
Mto unashuka kama homa, polepole, kwa kinyongo.
Bado una rangi ya chai iliyochemshwa mara mbili,
bado unasukuma magogo, na juzi ulileta
mlango mzima wa choo cha mtu, na komeo lake.

Nazamisha kipimajoto, nahesabu hadi mia.
Nyuzi sita na nusu.
Baba alitumia kiwiko. Alikuwa akisema
maji yakiacha kuuma, yameanza kuita.

Barafu ilivunjika mwezi wa tano, usiku,
kwa kishindo kilichomwamsha hata mbwa kiziwi.
Ristiinná wa ng'ambo alitoka na gauni la kulalia,
tukapungiana mikono, kila mmoja kwenye nchi yake,
mapande makubwa kama mapaa yakipita katikati yetu
bila kuulizwa pasipoti.

Sasa ni simu.
Heaika, ambaye mashua yake ameipaka lami mara tatu:
"Sunná, wamefika?"
Mwenye nyumba ya wageni: "Wamefika?"
Bwana wa mji mkuu, aliyekwisha kulipia leseni,
anauliza kina, anauliza rangi, anauliza upepo,
anapiga chenga mbili tatu, kisha:
"Eti, wamefika?"
Nawajibu kwa tarakimu. Tarakimu hazina kiherehere.

Wanaopita sasa ni wanaoshuka:
waliotaga vuli, wakakaa chini ya barafu miezi saba
bila tonge, wembamba kama mikanda,
vichwa vikubwa kuliko haki ya miili yao.
Wanarudi baharini kinyumenyume, mkia mbele,
kama mtu anayetoka msibani
asiyetaka kuwapa wafiwa mgongo.
Huyo humli. Huyo humtanii hata.

Na kando yao makinda,
wamevaa fedha kwa mara ya kwanza.
Kitendawili. Tega.
Nimetoka nyumbani kidole, nimerudi mguu mzima.
Nillas wangu alikuwa akijibu "Samoni!"
kabla sijamaliza kutega.
Mwaka wa nane huu yuko kusini, kwenye mitambo ya mafuta.
Hutuma picha za chakula.

Mwaka juzi tulihesabu mia nne.
Mwaka jana, mia mbili na kumi na mmoja.
Watu wa ofisi wakaleta kamera ya chini ya maji,
jicho moja lisilopepesa,
wakasema pengine msimu ungefungwa.
Haukufungwa. Tulipunguza siku. Tulipunguza nyavu.
Heaika alipunguza kunisalimia.

Leo, nikikung'uta kipimajoto,
mgongo ulipasua maji nyuma ya jiwe lililoinama.
Mmoja. Mpana. Fedha mbichi, bado ya chumvi.
Huyu hakuwa anashuka.
Alisimama pale mkondo unapojikunja,
kichwa juu kuelekea maporomoko,
akijikusanya,
nami nikajikuta nimeziba mdomo kwa kiganja
kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimejificha.

Msimu unafunguliwa keshokutwa saa sita usiku,
usiku usio na giza la kumsitiri mtu.

Daftari lina safu nne.
Kina: 192. Joto: 6.5. Rangi: chai.
Samaki:
Penseli ilisimama hapo.
Simu ikatetemeka mfukoni, na nilijua ni nani.
Nikaandika: nyuma ya jiwe hapaonekani vizuri.
Si uongo.
Povu lilikuwa jingi.