Kuni Kavu

Siku ya tatu tangu Mkoani, miguu si yangu tena,
nikaingia Ngezi na mvua mgongoni.
Banda: nguzo nne, makuti yaliyochoka,
mlango hapana.
Kwenye boriti, kwa mkaa:
CHUMVI YA WOTE. KUNI USIMALIZE.
Na jina: Shaame, Tumbe.

Nikachemsha muhogo kwa chumvi ya Shaame,
iliyokuwa ndani ya kifuu.
Nje popo wakigombea kungu,
matusi usiku kucha.

Paa likaanza kuvuja.
Nikahamia kulia, likanifuata.
Nikahamia kushoto, likawa linanisubiri.
Pembe moja tu ilikuwa kavu,
na pembe hiyo ilikwisha kukaliwa na kuni.

Nikazitazama sana.
Ningezisogeza, nani angejua?
Nikashika gogo la kwanza,
jepesi, kavu, linanukia jua la juzi,
ndipo nikakumbuka moto wangu
ulivyoshika kwa njiti moja.

Kumbe naye alilowa.

Nikajikunyata chini ya matone, magoti kidevuni.
Alfajiri nikapiga chafya tatu,
nikaokota matagaa kufidia niliyochoma,
nikayapanga pembeni.
Nafasi ya jina ilikuwepo.
Mkaa nao ulikuwepo.
Nikakamua soksi, nikashika njia ya Verani.