Msumari wa Saba

Merikebu inapanda kilima.
Chini yake hakuna maji; ni magogo tuliyoyapaka mafuta ya nguruwe,
ng'ombe kumi na wanne mbele, na sisi nyuma yao, kamba mabegani.
Mkuku unalia kwenye changarawe
kilio ambacho baharini haukukilia hata siku moja.

Mimi ubavu wake naujua kwa ndani.
Nilikuwa na miaka tisa, mwembamba kama ufito,
nikatambaa katikati ya mataruma
kushikilia chuma nyuma ya kila msumari
huku kaka yangu Dudda akigonga kwa nje.
Hatukuonana. Mwaloni ulikuwa kati yetu.
Yeye mara tatu, mimi nikajibu mara moja:
ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu
majira yote ya baridi.

Sasa shimo limeimeza hadi kingoni.
Katikati wamejenga chumba, na bwana wetu amelazwa humo.
Leofrun, mjane wake, amesimama juu ya udongo mbichi, hana chozi,
anakitaja kila kitu kabla hakijashushwa, asije mtu akapunguza.
Bakuli kumi za fedha kutoka mji wa Kaisari,
moja ndani ya nyingine, kama maganda ya kitunguu.
Kofia ya chuma yenye sharubu za shaba.
Kinubi ndani ya mfuko wa ngozi, nyuzi zimelegezwa
kana kwamba kesho kuna mtu atazikaza.
Kifungo cha mshipi, dhahabu tupu,
nyoka wamesokotana humo hata jicho likiingia halijui pa kutokea.

Kisha mkoba, vito vyake vyekundu kama makaa yaliyopulizwa.
Na ndani, sarafu thelathini na sita.

Tukatazamana.
Thelathini na sita ndiyo idadi ya makasia.
Cynna, ambaye mgongo wake niliutazama miaka kumi na miwili,
akaninong'oneza: "Ni ujira wa watakaomvusha."
"Kumbe wafu wanalipwa vizuri," nikasema.
Sisi tulilipwa shayiri,
pombe ya asali siku ya sikukuu,
na malengelenge.

Lakini mchanga huu naufahamu. Ni mkali kama siki.
Tulipomfukua mama ili tumhamishie karibu na Dudda
hatukumkuta. Hata jino.
Palikuwa na kivuli cheusi mchangani, kimelala kwa ubavu,
na pini ya joho lake, nusu imeliwa na kutu.
Tukahamisha pini.

Basi na bwana ataliwa. Kinubi kitaliwa, na mwaloni,
na kalafati niliyoisokomeza kwa vidole hivi.
Dhahabu itabaki; haina njaa, wala hakuna wa kuila.
Na misumari itabaki, safu kwa safu, kila mmoja mahali pake,
imeshikilia ubao usiokuwapo.

Wanaanza kufukia. Cynna ananipa koleo.

Wewe utakayekuja na jembe, sijui lini, sijui kwa lugha gani,
dhahabu utaiona mwenyewe, haihitaji wa kuielekeza.
Ila ukimaliza, hesabu kutoka tezi,
ubao wa tatu, upande wa kushoto,
msumari wa saba.
Utaukuta umepinda.

Ni wangu. Nilisinzia.
Dudda aligonga mara tatu, sikujibu.
Akagonga tena.
Kisha nikamsikia anacheka,
kule nje,
upande wa pili wa ubao.