Kipanya Kimestaafu

Mwaka wa kwanza nilisema ni vumbi.
Vumbi la Magomeni, nani halijui,
linapanda kaunta, linalala juu ya kioo,
nami nafuta, nafuta kwa pindo la khanga,
na herufi zimo ndani ya ukungu vilevile.

Mwaka wa pili nilisema ni umeme mdogo.
Mwaka wa tatu daktari akatamka jina refu
lisilo na Kiswahili,
nikaliacha palepale, kwenye benchi la kliniki.

Kazi yangu kuchapa. Steshenari ya Shemdoe,
jirani na mahakama ya mwanzo:
hati ya kiapo, mkataba wa pango,
barua ya kazi ya mtu asiyejua alizaliwa lini.
Kuchapa hakukunitaka macho.
Vidole vinajua kwao,
vile vijinundu viwili, kwenye F na kwenye J,
kama chunusi za binti wa kidato cha pili.
Balaa lilikuwa kishale.
Kishale cheupe, ukurasa mweupe,
chawa ndani ya mchele.
Nakisukuma kushoto, kumbe kiko kulia,
nainama hadi pua inagusa skrini,
na mteja nyuma yangu: "Dada, unainusa?"
Wanacheka. Nacheka nao, nisiulizwe zaidi.

Akaja Sikudhani, mwanafunzi wa chuo,
na flashi ya kurasa tisini.
Alinitazama kwa shingo ya upande,
kama kuku anayemkagua mwewe.
Hakuuliza kama naona au sioni.
Aliuliza, "Unaona kiasi gani?"
Miaka mitatu, hakuna aliyeniuliza kiasi.
Nikasema, pembeni naona,
katikati pamemwagika maziwa.
"Mimi pia. Yangu ya kuzaliwa. Sogea."

Akachomoa kipanya, akakitupa kwenye droo,
juu ya stepla mbovu.
Akanishika vidole, wala hakuigusa skrini.
Kitufe cha dirisha na alama ya kujumlisha:
neno MKATABA likanijia usoni
kama shangazi aingiaye na mizigo yake yote.
Alt na Tab: unahama chumba
bila kupita uani.
Kontroo na F: usitafute, ita,
na jina la mpangaji huitika lenyewe.
Kontroo na S kila mwisho wa sentensi,
"maana umeme wa hapa una hasira."
Akageuza rangi: weusi chini, njano juu.
Nikafuta machozi,
nikasingizia vitunguu vya muuza chipsi.

Siku tatu vidole viligombana.
Nilifuta wosia mzima wa mtu aliye hai;
Kontroo na Z ikamrudishia
watoto saba na shamba la Kisarawe.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja,
sauti yake chini ya feni.
Herufi zangu sasa kubwa kama bango la soda,
na foleni yote nyuma yake ikasoma TALAKA
kabla sijaifikia A ya mwisho.
Mtu akaguna. Mama akavuta mtandio.

Hilo Sikudhani hakunifundisha.
Nikabonyeza dirisha na D, kila kitu kikajificha,
likabaki ua la waridi alilolipenda Shemdoe.
Nikawaambia wangoje nje.
Mama naye alikwisha ondoka.

Jioni nikavuta meza, Shemdoe akifoka
kuhusu nyaya na nafasi,
mgongo wangu ukaegemea ukuta,
skrini ikabaki yangu na ya chokaa.
Sasa aingiaye ni doa linalotembea mlangoni;
viatu vyake ndivyo vinavyonitajia jina.

Alhamisi nikasikia makobazi yakiburuta,
yakasita kizingitini.
"Pita huku ndani, mama, keti karibu yangu.
Tulifika wapi?"
Vidole vilikuwa vimeshatulia,
F, na J.