Unga wa Jiwe la Kijani

Juni, Katuba. Baridi imeingia darasani kabla yetu,
imekalia dawati la mbele.
Mwalimu Kyembe anapuliza vidole,
anapanga mezani alichonacho:
siki ya dukani, mbabula yenye makala mawili,
glasi tatu zisizofanana,
na jiwe la kijani. Jiwe gani tena? Si haya haya
tunayoyakanyaga tukienda kuteka maji.

"Leo," anasema, "tutauliza vitu vina haraka gani."

Jiwe zima, glasi ya kwanza. Siki juu yake.
Tunangoja. Povu moja, halafu jingine,
kama mzee anayetafuta jina la mtu.
Kisha unga wa jiwe hilo hilo, uzito ule ule,
glasi ya pili, na siki ikachachamaa,
ikapanda, ikamwagikia daftari la Monga.
Tulicheka mpaka chaki ikaanguka.
"Nani ataniambia kwa nini?"

Mimi nilijua. Sikunyoosha mkono.
Nilijua kwa masikio, tangu sijaota meno ya pili:
twa, twa, twa, nyuma ya nyumba,
mama na kinu kilichosahau mahindi,
akitwanga jiwe mpaka lilainike kama unga wa bukari,
maana kule depo unga una bei,
kokoto ina matusi.

Jiwe zima lina ngozi moja tu ya kuliwa.
Livunje, umeliongezea ngozi mia.
Mwalimu aliyaandika hayo ubaoni.
Mama yalimwandikwa kifuani:
vumbi dogo vile
halibishi hodi.

Mwalimu akatia maji kwenye siki. Povu likachoka.
"Asidi ikipungua, inakutana na jiwe mara chache,
kama soko siku ya mvua."
Akaiweka glasi juu ya mbabula. Povu likaamka.
"Chembe zikipata joto zinakimbia, zinagongana,
lakini si kila kugongana ni kuzaa:
pana kizingiti, na asiye na nguvu
anarudi alikotoka."

Nikawaza mikate yetu ya Juni,
donge linalogoma kuumuka,
mama akililaza kitandani katikati yetu,
chini ya blanketi, mtoto wa nne,
na sisi tumekatazwa kugeuka.

Mwisho akapasua betri iliyokufa,
akakwangua weusi wake, akaupima,
akaumwagia maji ya oksijeni ya famasi.
Glasi ikafoka hadi dirishani.
Akachuja, akakausha juu ya makala, akapima tena:
ule ule. Hata chembe haikupotea.
"Kichocheo," akasema. "Kinaharakisha wengine,
chenyewe hakiishi."

Hapo nikamwona Bwana Tshamala wa depo,
pembeni ya mizani yake, soda mkononi.
Magunia yanaingia, magunia yanatoka,
mama anakaza kitenge tundu moja zaidi kila mwezi,
na yeye, siku ya kufunga hesabu,
uzito wake ule ule.

Nikanyoosha mkono.
"Mwalimu, na cha kupunguza kasi?"
Alinitazama kwa muda. Alitujua, sisi wa nyuma ya reli.
"Kipo," akasema. "Baridi. Maji.
Au kuliacha jiwe liwe jiwe."

La tatu halikuwa mikononi mwangu.
Nilifika nyumbani, nikachota kikombe kimoja,
nikamimina kinuni, mchi ukiwa hewani.
Mama alinitukana kwa Kiluba na kwa Kiswahili:
unga wenye maji, Tshamala anaukata bei!
Anaukata, kweli. Jioni ile aliukata.

Lakini sauti ilikuwa imebadilika.
Chwa, ikasema. Chwa.
Hakuna kilichopaa kwenye mwanga wa mlango.
Mama akapiga mara tatu, akasimama,
akakohoa kidogo, chini ya kawaida yake,
akaniambia bila kunitazama:
leta kikombe kingine.